Vitambulisho kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na familia za Lubumbashi

Majibu haya yameandikwa Lubumbashi kwa ajili ya familia zenye watu wao Marekani: waliopitia kambi za wakimbizi za Meheba (Zambia) na Dzaleka (Malawi) kabla ya kupewa makazi, waliobahatika katika loteria ya viza, waliokwenda kusoma, na waliowafuata waume au wake zao. Wengi wao wakitaka kuruka kutoka mji mmoja wa Marekani kwenda mwingine, kwa harusi Des Moines au kilio Louisville, hupiga simu nyumbani kwanza kuuliza karatasi ipi itakubaliwa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya zamani imebaki kwa mama, hapa mjini, Katuba au Ruashi. Naomba jambo moja lishikwe tangu mwanzo, maana hofu nyingi zinatokana na kulikosa: afisa wa usalama anayesimama kwenye kituo cha ukaguzi anataka kujua wewe ni nani. Haki yako ya kuishi nchini humo ni suala la ofisi nyingine.

REAL ID ni kitu gani, na kwa nini inazungumzwa sana sasa?

Marekani haina kitambulisho kimoja cha taifa. Kila jimbo hutoa leseni zake za udereva na vitambulisho vyake, na kwa muda mrefu kila jimbo lilijiwekea masharti yake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, tume iliyoyachunguza ilipendekeza viwekwe viwango vya pamoja, na mwaka 2005 Bunge likapitisha sheria ya REAL ID. Utekelezaji ulipangwa kuanza 2008, ukaahirishwa mara kadhaa, zikiwemo zile za wakati wa korona, hadi tarehe 7 Mei 2025. Tangu siku hiyo, mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayepanda ndege ndani ya Marekani kwa leseni ya jimbo lake anatakiwa awe na ile iliyofuata viwango hivyo, ambayo kwa kawaida hutambulika kwa alama ya nyota kwenye sehemu ya juu ya kadi. Sisi Wakongomani ambao kwa miaka mingi tumeishi na kadi ya mpiga kura badala ya kitambulisho cha taifa tunaelewa vizuri adha ya kadi iliyotolewa kwa kazi moja ikafanyishwa kazi nyingine.

Kijana wangu ana grinkadi tu. Wenzake kanisani wanamwambia hawezi kupanda ndege bila REAL ID. Ni kweli?

Si kweli, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. REAL ID ni kitambulisho kimoja kati ya vingi vinavyokubaliwa na TSA, idara inayosimamia usalama wa usafiri. Grinkadi, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu, iko kwenye orodha hiyo na inatosha peke yake. Mwenye grinkadi halali asiyeendesha gari anaweza kuishi miaka yote bila leseni yenye nyota na akaruka kila mwezi bila tatizo. Nimesikia watu walioahirisha safari, na wengine waliolipa fedha kwa mtu wa kuwaharakishia miadi katika ofisi ya leseni, ilhali kadi iliyohitajika ilikuwa kwenye pochi zao.

Hata hivyo, kupata REAL ID kuna faida yake. Grinkadi ikipotea, kuipata nyingine huchukua muda mrefu na gharama yake si ndogo, kwa hiyo mtu mwenye leseni yenye nyota anaweza kuitumia leseni kwenye safari za ndani. Sheria inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 au zaidi awe na hati yake ya usajili wa uhamiaji wakati wote; kwa hiyo kuiacha kadi nyumbani kabisa si ushauri ninaoweza kuutoa.

Ni nyaraka zipi nyingine zinazokubaliwa?

Kwa watu wetu, zilizo muhimu ni pasipoti ya nchi ya kigeni, ikiwemo ya Kongo, kadi ya ruhusa ya kufanya kazi ambayo wengi huiita kadi ya kazi, grinkadi, leseni au kitambulisho cha jimbo chenye nyota, na kwa aliyekwisha kupata uraia, pasipoti ya Marekani au kadi ya pasipoti. Orodha kamili ina vingine, kama vile vitambulisho vya wanajeshi, vya makabila ya asili ya Marekani na leseni za Kanada, lakini sijaona familia yetu iliyovihitaji.

Kinachotakiwa ni hati yenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp haikubaliwi, wala fotokopi iliyopigwa muhuri wa komini. Karatasi ya muda ambayo ofisi ya leseni hukupa wakati ukisubiri kadi yako kwa posta nayo haikubaliwi, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa karatasi hiyo imetolewa na serikali yenyewe.

Je, kadi yangu ya mpiga kura au leseni yangu ya udereva ya Kongo itanisaidia?

Hapana. Kadi ya mpiga kura inakupitisha Luano, uwanja wetu wa ndege, ukienda Kinshasa, lakini Marekani haitambuliwi kwenye ukaguzi. Leseni ya Kongo na kadi inayotolewa na ubalozi ni vivyo hivyo. Hati ya Kongo inayotambuliwa hapo ni pasipoti.

Shangazi yangu aliingia kama mkimbizi. Hana pasipoti ya nchi yoyote, ana karatasi ya I-94 tu. Atasafirije?

Swali hili linahitaji jibu refu, kwa sababu mkimbizi hufika Marekani kwa njia tofauti na wengine wote. Anaingia akiwa na mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na ndani yake mna karatasi ambazo afisa wa mpakani ndiye anayezifungua. Katika safari hiyo ya kwanza, mpaka mji anakokwenda kukaa, IOM ndiyo iliyopanga kila kitu, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba karatasi zilizowafikisha zitawapitisha tena miezi sita baadaye. Fomu ya I-94 inathibitisha namna alivyoingia na hadhi yake, lakini haimo kwenye orodha ya vitambulisho vya TSA.

Njia ya shangazi iko wazi zaidi kuliko anavyofikiri. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, na kadi ya kazi yenye picha yake imo kwenye orodha. Pia sheria ya REAL ID yenyewe imewataja wakimbizi na waliopewa hifadhi miongoni mwa wanaostahili leseni au kitambulisho chenye nyota. Atakwenda kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lake na hati ya hadhi yake, namba yake ya hifadhi ya jamii, na karatasi mbili zinazoonyesha anwani anakoishi, kama mkataba wa nyumba na bili ya umeme. Hapo kwenye anwani ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu mzee anayeishi kwa mtoto wake hana bili hata moja yenye jina lake. Majimbo mengi yana utaratibu wa mwenye nyumba kuthibitisha kwamba mtu fulani anaishi kwake. Ni vizuri kuuliza masharti ya jimbo lenyewe kabla ya kwenda, ili mzee asipange foleni bure. Baada ya mwaka mmoja nchini, mkimbizi anatakiwa kuomba grinkadi, na akiipata suala hili linakwisha.

Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, au mwenye viza ya muda kama mwanafunzi, anaweza pia kupewa kadi yenye nyota, ila itakuwa ya muda: inakwisha pamoja na ruhusa yake ya kukaa, au baada ya mwaka mmoja pale ambapo ruhusa haina tarehe ya mwisho.

Mdogo wangu alishinda loteria ya viza na amefika, lakini grinkadi yake haijatumwa. Je, asubiri?

Asisubiri. Ana pasipoti ya Kongo, na pasipoti inatosha kwenye ukaguzi. Zaidi ya hayo, viza yake ya uhamiaji iliyogongwa muhuri alipoingia inathibitisha ukaaji wake wa kudumu kwa mwaka mmoja tangu siku ya muhuri. Kama kadi inachelewa sana, ahakikishe kwanza kwamba ile ada ya uhamiaji ya dola 235 ililipwa, na kwamba anwani aliyoitoa ni ya nyumba ambako bado kuna mtu wa kupokea barua.

Majina kwenye tiketi hayafanani na majina kwenye kadi. Hiyo ni shida kubwa?

Inaweza kuwa, na kwetu Wakongomani hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Shirika la ndege hutuma kwa TSA jina kamili la abiria, tarehe ya kuzaliwa na jinsia kabla ya safari, na mtu mwenye jina moja kwenye tiketi na jingine kwenye kadi anaonekana kama watu wawili.

Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Mpangilio huo ulikomaa wakati wa Mobutu, ambaye mwaka 1972 aliwaamuru watu waache majina ya Kikristo, na baadaye majina hayo yaliporudi yaliwekwa mwishoni. Wamarekani wana jina la kwanza, jina la kati ambalo wengi huliruka, na jina la ukoo. Chukua mfano wa mwanamke anayeitwa Ilunga Kabongo Jeanne. Karani mmoja ataandika Ilunga Kabongo kama ukoo na Jeanne kama jina la kwanza. Mwingine atamfanya Kabongo kuwa jina la kati. Na binamu anayemnunulia tiketi kwa mapenzi mema ataandika Jeanne Kabongo, kwa sababu ndivyo anavyoitwa kanisani. Kila mmoja ana sababu yake, lakini mbele ya afisa inayohesabika ni kadi atakayoitoa siku hiyo. Kwa hiyo anayenunua tiketi asiandike majina kwa kukumbuka. Aishike kadi mkononi, asome kisanduku cha jina la ukoo na kisanduku cha jina la kwanza, na ayaingize yalivyo, hata kama yeye anaona yamewekwa kinyume.

Kuna kadi ambazo majina yote yameingizwa kwenye ukoo, na mahali pa jina la kwanza pameandikwa herufi FNU, kumaanisha kwamba jina la kwanza halikujulikana. Hiyo nayo ifuatwe ilivyo mpaka kadi irekebishwe. Makosa kwenye grinkadi husahihishwa kwa fomu ya I-90, na ningemshauri kila mwenye kosa la namna hiyo alishughulikie mapema, kwa sababu litamfuata benki, shuleni kwa watoto na siku ya kuapa uraia.

Tofauti ndogo zisimtie mtu hofu. Pasi ya kupandia ndege mara nyingi hubandika majina pamoja bila nafasi, ikasomeka KABONGOJEANNE kwa mfululizo. Hiyo ni kawaida ya mashine za mashirika ya ndege. Kistari kilichoachwa au jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja navyo kwa kawaida havizuii safari. Tatizo halisi ni jina lililobadilika: mama aliyechukua jina la mume wake kwenye leseni mpya, huku tiketi imenunuliwa kwa jina lililo kwenye pasipoti. Achague hati moja, na tiketi ifuate hati hiyo.

Kwenye karatasi zote baba amezaliwa tarehe 1 Januari, lakini sisi tunajua alizaliwa wakati wa mavuno. Tuandike ipi?

Andikeni ya kwenye kadi. Wakimbizi wengi ambao tarehe yao haikujulikana waliandikiwa tarehe 1 Januari walipoandikishwa, na maafisa wanaiona kila siku. Kuandika tarehe nyingine kwenye tiketi, hata iwe ya kweli, ndiko kunakoleta maswali.

Kadi imepitwa na tarehe. Je, imekufa?

Kwenye kituo cha ukaguzi, TSA hukubali hati iliyo kwenye orodha yake hadi miaka miwili baada ya tarehe ya mwisho. Lakini huo ni uvumilivu wa mlango huo mmoja. Mwajiri, benki, na shirika la ndege linalompeleka mtu nje ya nchi hawalazimiki kuufuata. Mwenye grinkadi iliyokwisha anapoomba mpya kwa I-90 hupewa barua ya stakabadhi ambayo, tangu Septemba 2024, huongeza uhalali wa kadi kwa miezi 36. Atembee na kadi ya zamani pamoja na barua hiyo.

Ameibiwa pochi usiku wa kuamkia safari. Je, tiketi imepotea?

Si lazima. Tangu tarehe 1 Februari 2026, msafiri asiye na kitambulisho kinachokubalika anaweza kulipa dola 45 kwa huduma inayoitwa TSA ConfirmID, na idara ikajaribu kumtambua kwa taarifa zake nyingine. Malipo hayo yanahusu kipindi cha siku 10, na ni heri yafanywe mtandaoni kabla ya kufika uwanjani. Tatizo ni kwamba hayana hakikisho. Mtu aliyeishi Marekani miaka mingi ana kumbukumbu nyingi za anwani na akaunti zinazoweza kulinganishwa, lakini aliyefika mwaka jana anazo chache, na ikishindikana kumtambua hatapita. Kwa mgeni, basi, ningeitegemea njia hiyo pale tu ambapo nyingine zote zimefungwa. Afike mapema sana, abebe kila alichonacho chenye jina lake, na kama kuna pasipoti nyumbani amtume mtu aifuate.

Watoto nao waonyeshe nini?

Katika safari za ndani, TSA haidai kitambulisho kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Shirika la ndege linaweza kuwa na masharti yake, hasa mtoto anaposafiri peke yake, kwa hiyo waulizwe wao. Kwenda nje ya nchi, hata mtoto mchanga anahitaji pasipoti yake.

Wanapiga picha ya uso. Je, ni lazima?

Kwenye viwanja vingi afisa huingiza kadi katika mashine inayosoma uhalali wake, na kamera hulinganisha uso wa msafiri na picha ya kwenye kadi. Msafiri anaweza kukataa kupigwa picha, akaomba afisa alinganishe kwa macho yake, na hapaswi kunyimwa nafasi yake kwenye foleni kwa sababu hiyo. Aliyejifunga kitambaa au aliyebadilika sana tangu picha ilipopigwa kambini asishangae akitazamwa mara mbili.

Je, maafisa hao ni watu wa uhamiaji? Kaka yangu viza yake imekwisha, ana pasipoti tu.

Afisa wa TSA hatoi wala hafuti ruhusa ya kukaa, na pasipoti ya Kongo iliyo hai ni kitambulisho halali mbele yake hata kama viza iliyomo imekwisha. Lakini yaya, usimwambie kaka yako kwamba hakuna hatari. TSA na idara za uhamiaji ziko chini ya wizara moja, ya Usalama wa Ndani, na taarifa za abiria zinaweza kuwafikia maafisa wa uhamiaji. Mtu mwenye amri ya kuondolewa nchini, au aliyekosa kufika mahakamani, azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua tiketi, na basi la masafa marefu lisichukuliwe kuwa salama zaidi bila kuuliza. Ikumbukwe pia kwamba leseni ambazo majimbo kama California, Illinois na New York huwapa madereva bila kuangalia hadhi yao ya uhamiaji hazina nyota, na hazikubaliki kwenye ukaguzi.

Mama amefariki, na dada anataka kuja Lubumbashi kwa kilio. Aje na karatasi gani?

Hapa hatuzungumzii tena ukaguzi wa usalama peke yake. Shirika la ndege litataka kuona kwamba ataruhusiwa kuingia Kongo na kwamba ataruhusiwa kurudi Marekani. Aliyekuja kwa loteria au kwa ndoa na ana grinkadi atasafiri na pasipoti ya Kongo pamoja na kadi yake, na asikae nje kwa zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudia alichokiomba kabla ya kuondoka. Aliyekwisha kuapa uraia wa Marekani anahitaji viza ya Kongo, kwa kuwa Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Wote wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Luano huiuliza.

Aliyepata hadhi yake kama mkimbizi ajipe muda, ingawa msiba hautoi muda. Hati ya safari ya mkimbizi huombwa kwa fomu ya I-131 kabla ya kuondoka Marekani, nayo hudumu mwaka mmoja. Kurudi katika nchi ambayo mtu alieleza kwamba anaikimbia, na zaidi kwa pasipoti ya nchi hiyo, kunaweza kuulizwa miaka mingi baadaye, hata akiwa na grinkadi. Familia inayomsukuma aje kwa maneno ya lawama inapaswa kulijua hilo kabla ya kumpigia simu tena. Amwulize mwanasheria kwanza, na jibu likiwa hapana, tumpangie kuufuata msiba kwa video.

Kuna mtu mjini anayesema atamtengenezea REAL ID kutoka huku, akitumiwa picha ya pasipoti na dola mia mbili. Tumpe?

Msimpe. REAL ID hutolewa na ofisi ya leseni ya jimbo la Marekani kwa mtu anayeishi katika jimbo hilo, naye huenda mwenyewe na hati zake halisi ili apigwe picha. Kama picha ya pasipoti imekwisha kutumwa, ajulishwe mwenye pasipoti leo hii, aangalie akaunti zake, na asionyeshe popote kadi yoyote atakayoletewa na mtu huyo: kukamatwa na kitambulisho bandia kunaweza kumpotezea mhamiaji ukaaji wake wote.